Pesa ya korosho na TV ya sebuleni: ushauri kwa wanunuzi wa Nachingwea na Ruangwa

Korosho zikishapita mnadani na malipo yakaingia benki, maduka ya vifaa vya umeme ya Nachingwea na Ruangwa hufurika watu. Baba aliyekuwa akilipa kiingilio kibanda umiza kila Namungo inapocheza anataka sasa aione timu yake akiwa kwake. Mama aliyechoka na TV ya chogo anataka kitu chembamba kisichojaza nusu ya meza. Vijana wanahesabu siku za kuelekea AFCON 2027, ambayo Tanzania imepewa uenyeji pamoja na Kenya na Uganda. Haja ni ya kweli na fedha ipo mkononi. Kinachokosekana mara nyingi ni matayarisho, na muuzaji mwenye haraka huona mara moja mteja ambaye hakujitayarisha.

Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: televisheni huchaguliwa nyumbani, dukani unakwenda kuichukua tu. Mambo matatu ya nyumbani kwako ndiyo yanayoamua: ukubwa wa chumba, hali ya umeme na aina ya matangazo yanayokufikia. Ukiyajua hayo kabla ya kupanda gari kwenda Masasi, Mtwara au Kariakoo, maandishi ya kwenye boksi hayatakuyumbisha.

Piga hesabu ya mwaka mzima

Mkulima wa huku kwetu hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, mbaazi zinafuata, na korosho ndizo zinazofunga hesabu. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, malipo huja kwa mkupuo kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) na vyama vikuu kama RUNALI, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Fedha ya mkupuo hushawishi kununua kitu kikubwa kwa siku moja. Lakini televisheni haiachi kula siku unapomaliza kuilipia. Februari na Machi, wakati palizi imepamba moto na mfuko umenywea, bado inataka Luku na bado inataka kifurushi.

Kwa hiyo, chukua kiasi ulichopanga na uweke robo yake pembeni kabla hujaangalia TV yoyote. Kama umepanga shilingi laki nane, laki sita ndiyo ya TV. Laki mbili ni ya king'amuzi na dishi au antena, fundi wa kufunga, kifaa cha kulinda umeme, meza imara au brakti ya ukutani, na vifurushi vya miezi michache ya mwanzo. Mali bila daftari huisha bila habari. Familia iliyomaliza fedha yote kwenye inchi 55 ikabaki bila king'amuzi hukaa mbele ya kioo kikubwa ikiangalia filamu zilezile za kwenye flashi mpaka msimu mwingine.

Uliza pia mapema habari za vifurushi. Baadhi ya kampuni za ving'amuzi huuza vya siku na vya wiki, si vya mwezi tu, na kwa mtu wa kipato cha msimu hilo ni jambo kubwa: unalipia siku za mechi, siku nyingine unapumzisha mfuko. Uliza vilevile ni chaneli zipi zinabaki kifurushi kikiisha. Jibu hutofautiana kati ya king'amuzi kimoja na kingine, na ni bora ulipate kabla ya kulipa.

Chumba chako kinataka inchi ngapi

Inchi za televisheni hupimwa kwa mshazari, kutoka kona ya chini ya kioo hadi kona ya juu ya upande wa pili, na fremu haihesabiwi. Inchi moja ni sentimita 2.54. TV ya inchi 32 ina kioo chenye upana wa sentimita 71 hivi na kimo cha 40. Ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 na kimo cha 54. Ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 na kimo cha 69. Kata kadibodi au tandika khanga ukutani kwa vipimo hivyo, kisha ukae unapokaa siku zote uone. Utajifunza mengi kuliko kusoma boksi.

Baada ya hapo pima umbali kutoka kwenye macho ya mtu aliyekaa hadi mahali TV itakapokuwa. Kwa inchi 32, umbali unaofaa ni kati ya mita 1.2 na mita 2. Kwa inchi 43, ni kati ya mita 1.6 na 2.7. Kwa inchi 55, ni kati ya mita 2.1 na 3.5. Sebule nyingi za huku zina futi 10 kwa 12. Ukishaweka kochi ukutani na TV upande wa pili, macho yanabaki kama mita mbili na nusu kutoka kwenye kioo. Hapo inchi 43 inakaa vizuri sana. Chumba kidogo zaidi, au cha kupanga, inchi 32 inatosha, na hakuna sababu ya kuionea aibu.

Kumbuka pia jinsi tunavyokaa. Wazee wako kwenye kochi, watoto kwenye mkeka chini, jirani kasimama mlangoni. Vioo vingine huonyesha rangi nzuri kwa aliye mbele tu, na aliyekaa chini au pembeni huona picha iliyofifia. Kwa hiyo ukiwa dukani chuchumaa, kisha sogea kulia na kushoto huku ukiangalia nyuso za watu kwenye picha. Zikigeuka kuwa za kijivu, TV hiyo haifai kwa nyumba yenye watoto wengi na wageni wa mara kwa mara.

HD, Full HD na 4K

Picha ya televisheni hujengwa kwa nukta ndogondogo. TV nyingi za inchi 32 zinazoandikwa HD zina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, jumla kama milioni moja. Full HD ina nukta 1920 kwa 1080, yaani milioni mbili na kidogo. 4K ina nukta 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Kwa hesabu hiyo, muuzaji atakwambia 4K ni bora mara nne kuliko Full HD. Namba ni za kweli, lakini hazitaji jicho lako.

Jicho zima la binadamu lina mpaka wake wa kutenganisha vitu vidogo. Kwenye TV ya inchi 43 ya Full HD, kila nukta ina upana wa nusu milimita hivi. Ukikaa zaidi ya mita 1.7 kutoka kwenye kioo, jicho haliwezi tena kuzitenga nukta hizo. Mtu aliyekaa mita mbili na nusu mbele ya inchi 43 hawezi kuona tofauti ya Full HD na 4K, hata kama analipia tofauti hiyo. Hali ni hiyohiyo kwa inchi 32: ukikaa mita mbili, HD ya kawaida inatosha kabisa. Faida ya 4K huanza kuonekana kwenye inchi 55 kwenda juu, au kwa mtu anayekaa karibu sana na kioo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni nyepesi. Inchi 32, chukua HD. Inchi 40 hadi 43, chukua Full HD. Inchi 55 na kuendelea, chukua 4K. Ukikuta ya 43 yenye 4K kwa bei ileile, na umeipenda kwa mambo mengine, ichukue. Ila usiongeze fedha kwa ajili ya neno hilo pekee. Fedha hiyo ielekeze kwenye kioo chenye rangi nzuri au garantii ya uhakika, vitu utakavyovifaidi kila siku.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloumiza wanunuzi wengi. Televisheni haiwezi kuonyesha kilichopotea kabla ya kuifikia. Chaneli nyingi tunazoangalia bado zinarushwa kwa ubora wa kawaida, wa nukta 720 kwa 576 au pungufu. Zile zenye herufi HD kwenye jina, kama Azam Sports 1 HD, ndizo zinazoitendea haki TV mpya. Chaneli za kila siku za ving'amuzi vyetu hazirushwi kwa 4K. Na chaneli ya ubora wa kawaida ikivutwa ijaze kioo kikubwa huonekana mbaya zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye TV ya chogo, kwa sababu mapungufu yaliyojificha kwenye kioo kidogo yanatandazwa yote.

Angalia pia waya unaounganisha king'amuzi na TV. Nyumba nyingi bado zinatumia ule wenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe. Waya huo haupitishi picha ya HD, hata king'amuzi kiwe cha HD na TV iwe ya bei mbaya. Tumia waya wa HDMI. Kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, uchague 1080 na umbo la 16:9. Waya wa HDMI ni wa bei ndogo ukilinganisha na kila kitu kingine utakachonunua, na ndio unaogeuza TV ya HD kuwa ya HD kweli.

Matangazo yanakufikiaje

Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa nchini tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikitangulia na miji mingine ikifuata. Tangu hapo televisheni haipati kitu bila king'amuzi, au bila kipokezi cha dijitali kilichojengwa ndani yake. Kwa hiyo kabla ya kuchagua TV, jua utapokea matangazo kwa njia ipi. Antena inategemea mnara uko umbali gani na mabonde yamekaaje. Usisikilize ahadi ya duka. Nenda kwa majirani wawili watatu, waombe wawashe, uone picha ikoje mchana na usiku. Kama mtaani kwenu kila paa lina dishi, majirani wamekwisha kukujibu.

Kwa dishi, angalia miti kabla ya kuchagua mahali pa kulifunga. Setilaiti inayotumiwa na Azam iko nyuzi 7 mashariki, na sisi tuko karibu na nyuzi 39. Kwa hiyo dishi la Azam huku kwetu hutazama magharibi, likielekea kaskazini kidogo, na kuinuka kama nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi. Dishi la DStv, ambayo setilaiti yake iko nyuzi 36 mashariki, hutazama karibu juu kabisa. Mwembe au mkorosho mrefu ulio upande wa magharibi wa nyumba unaweza kulizuia dishi la kwanza na usiliguse la pili. Mti nao hukua: dishi lililofungwa vizuri leo linaweza kupoteza mawimbi baada ya masika mawili. Mwambie fundi alifunge kwenye bomba la chuma lililochimbiwa, si kwenye mti wala kwenye boriti inayotikisika kwa upepo.

Ukiweza, chagua TV yenye kipokezi cha DVB-T2 na DVB-S2 ndani, hata kama king'amuzi unacho. Ya kwanza hupokea chaneli za antena zisizofungwa, ya pili hupokea chaneli za bure za setilaiti. Siku king'amuzi kikiharibika au kifurushi kikiisha, nyumba haibaki gizani.

Umeme ndio adui wa kwanza

Kwa miaka mingi mikoa ya Lindi na Mtwara iliishi na mitambo ya Mtwara inayotumia gesi ya Mnazi Bay, mbali na gridi ya taifa. Wakazi wanajua maana yake: kukatika, kurudi, kukatika tena, na taa kuwaka kwa wekundu usiku watu wote wanapopika na kuangalia taarifa ya habari. Kinachoua televisheni hasa ni umeme unaporudi kwa kishindo, au unapobaki chini ya kiwango kwa saa nzima.

Kwa sababu hiyo, geuza TV usome kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Kikisema volti 100 hadi 240, TV hiyo inavumilia umeme ulioshuka. Kikisema 220 hadi 240 tu, itakuwa ya kwanza kulalamika. Hata ile yenye uvumilivu, inunulie gadi, yaani kile kifaa cha kuchomeka kinachokata umeme ukipanda au ukishuka kupita kiasi, na kinachosubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Eneo ambalo umeme hushuka kila jioni linataka stabilaiza, yaani kifaa kinachosawazisha umeme badala ya kuukata, kwa kuwa gadi itakuwa inakuzimia mechi kila mara.

Halafu kuna radi. Msimu wa mvua wa kusini huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, na televisheni za pesa ya korosho hununuliwa katika miezi hiyohiyo. TV mpya huingia nyumbani pamoja na wingu la kwanza. Ukisikia ngurumo, chomoa plagi ukutani, na uchomoe pia waya wa dishi au antena nyuma ya king'amuzi. Kuzima kwa rimoti hakusaidii kitu. Radi hupenda kuingia kwa waya wa dishi, na gadi ya umeme haiko kwenye njia hiyo. Mfundishe kila mtoto mwenye umri wa kuelewa, maana mara nyingi ndio walio nyumbani wakati ninyi mko shamba.

Kuhusu gharama, hesabu ni rahisi. TV ya LED ya inchi 32 hula kama wati 50, ya inchi 43 kama wati 80, ya inchi 55 kama wati 120. Ukiangalia saa tano kwa siku, ya kwanza inatumia uniti saba na nusu kwa mwezi, ya pili 12, ya tatu 18. Kwa mteja wa matumizi madogo wa TANESCO, bei zilizopangwa 2016 ziliweka uniti 75 za kwanza za mwezi kwenye shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na zinazozidi hapo kwenye shilingi 350. Kwa nyumba yenye taa na TV tu, hakuna tatizo. Kwa nyumba yenye friji na pasi, TV kubwa inaweza kuwa ndiyo inayokuvusha mpaka huo. Hesabu uniti zako za sasa kwanza.

Kama nguzo za REA bado hazijafika kitongojini kwenu na mnatumia sola, tafuta televisheni ya volti 12, inayochomekwa moja kwa moja kwenye betri bila inveta. Inveta hula umeme hata TV ikiwa imezimwa. TV ya inchi 24 ya aina hiyo hula kama wati 25, na king'amuzi kama wati 12. Kwa saa tano za jioni utatumia kama wati-saa 200. Betri ya asidi ya Ah 100 hubeba wati-saa 1200, lakini usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu. Kwa hiyo una jioni mbili, karibu tatu, hata jua lisipotoka. Paneli ya wati 100 itarudisha matumizi ya jioni moja katika siku ya jua la kawaida. Ving'amuzi vingi navyo hutumia adapta ya volti 12. Soma maandishi kwenye adapta yako kabla hujaiacha na kuunga kwenye betri.

Ukifika dukani

Dukani TV zote huonekana nzuri, kwa sababu flashi iliyochomekwa ina video za maua na samaki zilizotengenezwa kuuza televisheni. Usihukumu kwa hizo. Zungumza kwa adabu, lakini simamia haki yako: "Kaka, naomba uniwekee king'amuzi, nione TBC na mpira wa kawaida." Angalia uso wa msomaji wa taarifa ya habari: ngozi ni ya mtu au ya chungwa? Angalia mpira unapopigwa mbali: unaonekana mmoja, au una mkia? Kisha aweke picha nyeupe tupu, uone kama kuna nukta nyeusi au madoa ya kivuli, na picha nyeusi tupu, uone kama mwanga unavuja kwenye kona. Kioo chenye dosari siku ya kwanza hakitapona.

Shika futi kamba upime kioo kwa mshazari, bila fremu. Boksi linaweza kusema 43 na kioo kikasema 40. Linganisha namba ya modeli na namba ya utambulisho (serial) kwenye boksi, kwenye kibandiko cha nyuma na kwenye mipangilio ya TV yenyewe. Zikitofautiana, ondoka. Jina kubwa la kampuni linaweza kubandikwa juu ya kitu chochote; maandishi yaliyokosewa herufi na bei ya kushangaza ni dalili tosha.

Utaulizwa kama unataka kioo kimoja au viwili. Hizi za vioo viwili zina kioo kigumu kilichoongezwa mbele ya kioo cha picha, na kwa nyumba yenye watoto wanaorusha vitu ni kinga ya maana, kwa sababu kioo cha picha kikipasuka bei ya kingine hukaribia bei ya TV nzima. Lakini kioo cha nyongeza hung'aa kama maji, na sebule yenye mlango wazi kuelekea jua la jioni itaonyesha mlango kuliko mpira. Pima kwa nyumba yako. Kioo cha ziada pia hakiifanyi TV mbovu kuwa nzuri.

Hesabu matundu ya nyuma. HDMI mbili ni za lazima, USB moja au mbili. Kama una sabufa, angalia itaunganishwa wapi. TV nyembamba zina spika ndogo zinazoelekea ukutani, kwa hiyo sabufa utaihitaji, na baadhi ya TV mpya hazina tundu la sauti linaloingiliana na sabufa zetu. Nenda na waya wako uujaribu hapohapo.

TV ya mtumba inaweza kuwa nzuri, ila soma kibandiko mara mbili. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutaka volti 100, ya Marekani volti 120, na kipokezi chake cha ndani hakitapata matangazo yetu. Usikubali kuambiwa itawashwa baadaye. Iwashwe mbele yako na ikae inawaka nusu saa, kwa sababu taa za nyuma ya kioo zilizochoka huanza kucheza zikishapata joto.

Mwisho, dai risiti ya EFD. Ni wajibu wa kisheria kwa muuzaji kuitoa na kwako kuidai, na ndiyo ushahidi wako pekee siku ya mgogoro. Kadi ya garantii igongwe mhuri, iandikwe tarehe na namba ya utambulisho ya TV. Uliza waziwazi: ikiharibika, inatengenezwa wapi? Garantii ya miaka miwili inayotaka uisafirishe TV hadi Dar es Salaam kwa gharama yako ina thamani ndogo kuliko ya mwaka mmoja yenye fundi Masasi au Mtwara. Hii ndiyo sababu nawashauri wengi wanunue karibu, hata kama Kariakoo ni nafuu kidogo.

Smart au ya kawaida

TV ya smart inaunganishwa na intaneti na kuonyesha YouTube na filamu. Kwa nyumba nyingi za huku intaneti hiyo itatoka kwenye simu, kwa bando. Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 1 kwa saa kwa ubora wa kawaida, GB 3 kwa HD na GB 7 kwa 4K. Filamu moja ya saa mbili kwa HD ni GB 6. Fanya hesabu hiyo kwa bei ya bando unalonunua, kisha ujiulize ni mara ngapi kwa mwezi utaweza. Kama jibu ni mara chache, nunua ya kawaida yenye kioo bora. Siku intaneti itakapokuwa nafuu, kiboksi kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI kitaigeuza kuwa smart.

Safari na mahali pa kuiweka

TV bapa husafiri imesimama wima ndani ya boksi lake, haijalazwa. Ikilazwa kwenye barabara yenye mashimo, uzito wa kioo unadunda juu ya kioo chenyewe, na boksi jingine likiwekwa juu yake ndiyo mwisho wake. Kwenye basi, kaa nayo au ihakikishe kwa macho yako ilipowekwa. Kwenye bodaboda, abiria aishike wima kati yake na dereva, na mwendo uwe wa taratibu. Boksi na maboya yake usivitupe. Utavihitaji ukihama au ukiipeleka kwa fundi.

Nyumbani, iweke mahali ambapo dirisha liko ubavuni, si nyuma ya TV wala mbele yake. Ukuta wa tofali za kuchoma uliopigwa plasta hushika brakti vizuri. Ukuta wa udongo haushiki, kwa hiyo tumia meza nzito na uifunge TV kwa kamba nyuma ili mtoto asiivute. Acha nafasi ya kiganja nyuma yake ipate hewa. Chini ya bati, joto la mchana ni kali. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, na vitundu vya nyuma uvichunguze mara kwa mara, kwani sisimizi na mijusi hupenda kuhamia mahali penye joto.

Kisha fanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi. TV hutoka kiwandani na mwangaza wa dukani, mkali kupita kiasi. Badilisha picha kutoka kwenye mpangilio wa rangi kali kwenda ule wa kawaida au wa sinema, na ushushe mwanga wa taa za nyuma hadi kama nusu usiku. Macho yatapumzika, uniti zitapungua, na taa hizo, ambazo ndizo hufa mapema kwenye TV za bei ya chini, zitaishi muda mrefu zaidi.

Nani achukue ipi

Kwa mtu mmoja au wenzi wenye chumba cha kupanga, chukueni inchi 32 ya HD, king'amuzi cha HD na gadi. Kwa familia yenye sebule ya futi 10 kwa 12, inchi 43 ya Full HD yenye kioo kinachoonekana vizuri kutoka pembeni na chini. Kwa sebule kubwa ya mita tatu na zaidi, na kwa mwenye kibanda anayetaka watu 20 waone matokeo kwenye kona ya kioo, inchi 55 ya 4K na kuendelea, na stabilaiza si ya hiari. Kwa kitongoji cha sola, inchi 24 ya volti 12.

Tazama kwamba katika makundi yote hayo sikutaja kampuni. Kampuni ichague baada ya kupata ukubwa, ubora wa picha, volti na fundi wa karibu, kwa kuwa hayo ndiyo utakayoishi nayo. Mwaka mmoja wa jasho la kupulizia na kuokota haupaswi kuishia kwenye neno lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye boksi. Pima chumba leo, soma uniti zako za Luku, waulize majirani habari za mawimbi, andika yote kwenye karatasi moja. Nenda na karatasi hiyo dukani, na muuzaji akikuonyesha kitu kisichokuwemo humo, mshukuru na uendelee kutafuta.